Dawa za Miti, Dawa za Hospitali, na Amana Iliyo Baina Yao

Bismillahi Rahmani Rahim.

Jioni moja katika darsa yetu hapa Nairobi, baada ya Magharibi na kabla ya Isha, mzee wetu mmoja akaaye Kangemi alituletea suala. Alisema: "Sheikh, mtu ana dawa aliyopewa hospitali, naye kwa siri anakunywa na dawa ya miti, wala hamwambii tabibu wake. Je, amekosa mbele ya Mwenyezi Mungu, au hilo ni jambo lake yeye na mwili wake?" Vijana waliokaa nyuma wakacheka. Sisi hatukucheka, kwani mzee huyu twamjua tangu alipopanda kutoka pwani, na twajua kuwa mtu aliyekuwa akimwulizia ni yeye mwenyewe.

Mzee wetu ana maradhi ya moyo, na amepewa warfarini, dawa ya kuizuia damu isigande. Mwenye kuitumia dawa hii ni kama apitaye juu ya ukuta mwembamba. Ikipungua, damu hufanya donge, na donge likipanda ubongoni mtu hupooza. Ikizidi, damu hukataa kusimama. Kwa hivyo hupimwa damu yake mara kwa mara. Kwa muda wa miezi mitatu kipimo cha mzee wetu hakikutulia. Tabibu akapunguza dawa, akaongeza, akapunguza tena. Kila mara alimwuliza, "Mzee, kuna kitu kingine unachotumia?" Na kila mara mzee alijibu, "Hakuna, daktari." Ilhali chini ya kitanda chake palikuwa na kopo la unga wa habbasoda uliochanganywa na majani mengine matatu, alilolinunua mjini kwa mchuuzi mmoja kwa ajili ya magoti. Alfajiri moja alipokuwa akitia udhu damu ilimtoka puani, ikaendelea kutoka hata jua likachomoza, wanawe wakamchukua hospitali. Alhamdulillahi alipona. Tabibu alipooneshwa kopo lile hakusema kuwa unga ndio uliofanya yale. Alisema kuwa hawezi kujua, kwa sababu miezi mitatu yote alikuwa akipiga hesabu ambayo tarakimu moja imefichwa.

Khabari hii ilipoenea katika darsa watu waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema kuwa habbasoda imesifiwa na Mtume (s.a.w.), basi mwenye kusema kuwa yaweza kudhuru amepungukiwa na imani. Kundi la pili, na wengi wao ni vijana waliosoma, lilisema kuwa dawa zote za miti ni ujinga wa wazee, na dawa ni ile itokayo kiwandani peke yake. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea, tena kosa lao ni moja. Wote wawili wamedhani kuwa mti na kidonge ni vitu vya jinsi mbili, kama kwamba mwili una milango miwili ya kuingilia.

Na tuanze na hiyo warfarini yenyewe. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani ya kaskazini na Kanada walikuwa wakifa kwa kutokwa na damu, na ikadhihirika kuwa walilishwa majani makavu ya mmea mmoja wa malisho yaliyooza. Wataalamu wa Wisconsin wakakichuja kile kilichokuwa kikiwaua, na katika jamaa zake ikapatikana warfarini, ikauzwa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya, kisha mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya binadamu. Basi dawa ya hospitali anayoimeza mzee wetu wa Kangemi asili yake ni majani. Mti ulioua ng'ombe ndio huo huo uliozaa kidonge chenye kumhifadhi mtu na kupooza. Kilichobadilika ni kipimo na elimu.

Sasa na tutazame hayo yaliyomo ndani ya miti. Mwenyezi Mungu ameitia mimea vitu vingi ambavyo si chakula hasa, lakini havina kazi ndogo. Miongoni mwavyo ni jamaa kubwa ambayo wataalamu huiita flavonoidi, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya manjano. Zimejulikana zaidi ya aina 6,000. Wekundu wa maua ya choya, uzambarau wa ganda la biringani, ukakasi wa chai ya rangi, na uchungu wa balungi, katika vyote hivyo zimo. Kitunguu kinayo moja iitwayo kwersetini, na nyingi yake i katika tabaka za nje ambazo mpishi huzitupa. Mkaazi wa Nairobi hunywa flavonoidi tangu asubuhi, kwani chai ya kwanza kupandwa Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, mbele kidogo ya Kangemi kwa barabara iendayo magharibi, na hata leo kikombe hakikosekani katika nyumba.

Je, zina manufaa? Mwaka 1993 wataalamu wa Uholanzi walitoa khabari ya wazee wanaume 805 wa mji wa Zutphen waliofuatwa kwa miaka 5. Wale waliokula flavonoidi nyingi, kwa chai na vitunguu na matofaha, walikufa kwa maradhi ya moyo wachache kuliko waliokula kidogo. Ni khabari njema, lakini mwenye insafu atauliza kama ni flavonoidi zilizowakinga, au ni kuwa mwenye kula matunda ni mtu mwenye kujitunza katika mambo yake mengine pia. Mwaka 2022 Wamarekani walitoa khabari ya jaribio la watu zaidi ya 21,000, nusu wakipewa flavonoidi za kakao na nusu wakipewa kidonge kitupu. Vifo vya moyo vilipungua kwa waliopewa kakao, lakini lile jambo kubwa walilokuwa wakilitafuta, yaani kupungua kwa jumla ya misiba yote ya moyo na mishipa, halikuthibitika. Kwa hivyo twasema kuwa manufaa yapo, na huenda ni makubwa, ila yaliyothibitika hayajafika kiasi cha yale yanayotangazwa na vipaza sauti vya wachuuzi.

Ama madhara, hapa yataka maelezo kidogo, nasi tutayaeleza kwa mfano wa watu wa pwani.

Kila mtu wa pwani aijua forodha. Jahazi likitia nanga, shehena haiingii mjini mpaka makarani waifungue, waihesabu, na waipitishe. Katika mwili wa mwanadamu forodha hiyo ni ini, na ukuta wa utumbo ni kama kituo chake cha kwanza. Makarani wake ni vimeng'enya, na mashuhuri katika wao ni jamaa iitwayo saitokromu P450, ambayo Wajapani wawili, Omura na Sato, waliieleza kwa jina hilo mwaka 1962. Kazi yao ni kuvunja kila kitu kigeni kilichoingia mwilini ili kiweze kutolewa. Karani mmoja katika hao, ambaye wataalamu humwita 3A4, husemwa kuwa peke yake anashughulika na karibu nusu ya dawa zitumiwazo na watu. Tabibu anapokuandikia kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, amekwisha kupiga hesabu ya makarani hawa. Anajua ni kiasi gani watakivunja na ni kiasi gani kitabaki katika damu kikafanye kazi.

Sasa tuseme imeingia shehena nyingine ambayo tabibu hakuambiwa. Huenda shehena hiyo ikawashika makarani mikono, dawa ikakosa wa kuivunja, ikalundikana katika damu hata kidonge kimoja kikawa kama viwili au vitatu. Au huenda ikawa kinyume chake: shehena ile ikawaita makarani wengi zaidi, dawa ikavunjwa upesi kabla ya kufika, na mgonjwa akawa anameza kila siku dawa ambayo ni kama hakuimeza. Katika hali ya kwanza dawa huwa sumu, na katika hali ya pili maradhi hubaki bila dawa ilhali mgonjwa anadhani anatibiwa. Hii ya pili twaiona ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa haina kelele.

Mambo haya yamejulikana kwa ajabu. Mwaka 1989 wataalamu wa London, mji ulioko Kanada, walitoa khabari ya uchunguzi wao wa dawa moja ya presha na namna inavyokuwa pamoja na ulevi. Ili watu wasijue nani amepewa ulevi na nani hakupewa, waliuficha ladha yake katika maji ya balungi. Ulevi haukuwa na jambo kubwa. Balungi ndilo lililoifanya dawa ile izidi katika damu mara kadhaa. Kwanza ikatuhumiwa naringini, ambayo ni flavonoidi iletayo uchungu wa tunda hilo. Ilipopewa watu peke yake haikutenda kama juisi, na baadaye ikathibitika kuwa mkosaji mkubwa ni vitu vingine vilivyomo katika balungi, viitwavyo furanokumarini. Hivyo humharibu kabisa yule karani 3A4 katika ukuta wa utumbo, na mwili hukaa siku moja hata tatu kabla ya kuumba mwingine. Kwa hivyo mwenye kula balungi asubuhi na kumeza dawa yake usiku hakuokoka. Nasi twapenda kuwaambia wanafunzi wetu kuwa, kama wataalamu hawakukubali kulihukumu tunda kwa dhana mpaka shahidi aliposimama, basi sisi tunaohukumu watu tuna haja zaidi ya kungoja ushahidi.

Na hiyo naringini iliyoachiliwa haina maana kuwa flavonoidi zote zimetakasika. Katika chupa za maabara nyingi katika hizo huwazuia makarani wa ini. Lakini chupa si mwili. Flavonoidi ikiliwa katika chakula huingia kidogo kidogo, na sehemu kubwa hubadilishwa kabla ya kufika katika damu. Kitunguu kimoja kina makumi ya miligramu za kwersetini. Kidonge cha kwersetini kiuzwacho madukani chaweza kuwa na 500. Hapa ndipo pa kupambanua baina ya chakula na dawa. Mwenye kutia vitunguu na bizari katika mchuzi wake na asiwe na hofu. Mwenye kukausha majani, akayasaga, akayachemsha mpaka yakawa meusi, akanywa glasi tatu kwa siku, huyo ametoka jikoni ameingia katika duka la dawa, japo hakutaka.

Vyakula vyenyewe pia vina adabu zake. Mwenye kutumia warfarini hukatazwa na baadhi ya watu sukuma wiki, kwa kuwa ina vitamini K nyingi ambayo hupingana na dawa hiyo. Matabibu wenye busara hawamwambii aiache. Humwambia ale kiasi kile kile kila juma, asile leo sufuria nzima na juma lijalo asile kabisa, ili kipimo cha dawa kipangwe juu ya jambo lililothibiti. Na kina mama waja wazito wapewao vidonge vya madini ya chuma, wengi huvimeza kwa chai. Flavonoidi na tanini za chai hukamatana na chuma hicho tumboni, na sehemu kubwa hutoka bila ya kuingia katika damu. Maji matupu yangalitosha, na chai ingalingoja saa moja au mbili.

Tumesema haya yote ili tuifikie habbasoda, kwani ndiyo iliyoleta fitna katika darsa. Mwaka 2010 wataalamu wa Riyadh waliandika kuwa walijaribu habbasoda juu ya watu wazima wenye afya, wakaona kuwa imewapunguzia kazi makarani wawili wa ini, 3A4 na mwenziwe 2D6. Ndugu zetu wa Riyadh hawawezi kutuhumiwa kuwa ni maadui wa Sunna. Na kwa kuwa tumetaja 2D6, wenye kutafuna miraa nao wajue kuwa uchunguzi ulioandikwa mwaka 2018 juu ya Wahabeshi wa kujitolea ulionesha kuwa miraa humzuia karani huyo huyo.

Ama hadithi ya habbasoda, ni sahihi, wala hatuna shaka nayo. Lakini maulamaa hawakuifahamu kama wanavyoifahamu wachuuzi. Al-Khattabi, ambaye alikufa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi, kwani hapana mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kuyakabili maradhi yote. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake alikwenda mbali zaidi: aliona kuwa utabibu uliopokewa katika hadithi ni katika mambo ya ada za Waarabu, na kuwa Mtume (s.a.w.) ametumwa kutufundisha sharia, akataja kisa cha kupandishia mitende ambapo Mtume aliwaambia watu kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Si lazima tufuate kila alilosema Ibn Khaldun. Yatosha kuwa hawa wawili ni wanavyuoni wetu wala hawakusoma katika vyuo vya Wazungu. Tena, hadithi imesema kuwa habbasoda ni ponyo. Haikusema kuwa yafaa kuichanganya na warfarini kwa kipimo cha mchuuzi, wala kumdanganya tabibu juu yake.

Sasa tumefika kwenye neno lenyewe, "dawa ya miti haina madhara". Neno hili utalisikia ukitoka Msikiti wa Jamia ukashuka mpaka River Road, na utalikuta limeandikwa kwa rangi juu ya vibanda vya Kangemi na Kawangware. Na tulipime. Kitu kikiwa na nguvu ya kuugeuza mwili mgonjwa ukawa mzima, nguvu hiyo haiulizi mwili huu ni wa nani, wala pamoja nayo pameingia nini. Yenye kuweza kushusha presha yaweza kuishusha kupita kiasi. Basi mwenye kukuambia kuwa dawa yake yaponya kila kitu na haidhuru kitu, moja katika maneno yake mawili si kweli. Ama ina nguvu, na kwa hivyo yaweza kudhuru. Au haidhuru kabisa, na kwa hivyo haina nguvu, na pesa zako zimekwenda bure. Kitabu chetu chenyewe kilipotaja ulevi na kamari hakikukanusha kuwa vina manufaa kwa watu; kimefundisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Manufaa na madhara hukaa katika kitu kimoja, na akili tumepewa ili tuyapime.

Wala kuumbwa na Mungu si hoja ya kusema kitu hakidhuru. Mnanaha ameumbwa na Mungu, na mbegu zake zaua mtoto. Mwenye kutumia jina la Mungu kuwa ndilo cheti cha bidhaa yake, asipime na wala asiulize, amelitumia jina hilo mahali pasipo pake.

Lakini mchuuzi atasema, "Mimi sikudanganya, sikujua tu." Sharia yetu imemjibu zamani. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alisema kwa maana hii, kuwa mwenye kujifanya tabibu ilhali hakujulikana kwa utabibu, basi juu yake ni dhamana. Ujinga wake haumtoi katika dhamana; ndio unaomtia. Ibn al-Qayyim aliwagawanya matabibu mafungu matano katika mlango huu. Tabibu hodari aliyefanya kazi yake kwa haki na kwa idhini hana dhamana juu ya yaliyotokea bila ya kosa lake, na mjinga aliyemghuri mgonjwa kwa kujionesha kuwa ni mjuzi anayo. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hawalitaji: mgonjwa akijua kuwa huyu hana elimu, naye akampa idhini kwa kujua hivyo, dhamana huondoka. Tazama basi uzito wa lile bango lenye neno "Daktari" juu ya kibanda, na uzito wa maneno mawili, "haina madhara". Ndiyo yanayomfanya mgonjwa atoe idhini asiyoijua. Yakiondolewa hayo, mchuuzi akasema, "Hii ni miti, mimi si tabibu, na ikiwa una dawa za hospitali ukaulize kwanza", amejiokoa yeye na mnunuzi wake. Na tumekuta wauzaji wachache wasemao hivyo. Mwenyezi Mungu awazidishie biashara.

Katika miji ya Kiislamu ya zamani jambo hili halikuachiwa nafsi za watu. Al-Shayzari, katika karne ya 12 huko Sham, aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, na ndani yake waliwekwa wauza dawa na hila zao za kuchanganya. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeweka sehemu yake ya tiba za asili, na taasisi ya KEMRI yenye makao yake barabara ya Mbagathi ina wataalamu wanaochunguza miti. Kilichobaki ni kuwa muhtasibu aonekane sokoni.

Na Ibn Sina, ambaye wauza dawa wanapenda kulitundika jina lake dukani, aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Miongoni mwayo ni kuwa ijaribiwe juu ya maradhi moja, yasiwe yamechanganyika, na kuwa ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwa sababu ijapofaa kwa farasi au simba si dalili ya kufaa kwa mtu. Mgonjwa wa Nairobi wa leo ana presha, ana sukari, ana magoti, na ana vidonge vinne. Kwa sharti la Ibn Sina, unga wa kopo haujajaribiwa juu ya mtu kama huyo hata mara moja.

Hatukumaliza na mchuuzi ili tumwache tabibu. Kwa nini mzee wetu alificha? Tulimwuliza, akatuambia kuwa miaka mingi nyuma, katika zahanati nyingine, alimtajia daktari majani aliyokuwa akinywa, naye akamcheka mbele ya wauguzi na kumwambia aache ushenzi. Tangu siku ile aliapa kutotaja tena. Jambo hili lina mizizi mirefu. Sheria ya Uchawi iliyoletwa na Waingereza hapa Kenya mwaka 1925 iliwafanya watu waone kuwa mwenye mizizi mfukoni yu karibu na mahakama, na miti ikazoea kufichwa. Tabibu anayemcheka mgonjwa ameufunga mlango ambao yeye mwenyewe anauhitaji. Akiuliza, "Unatumia kitu kingine?" kwa uso wa kukemea, hakuuliza. Twaona kuwa yeye naye ana sehemu yake katika kila jibu la "hakuna" analopewa.

Basi tulimjibu mzee hivi. Mwili ni amana, nawe huna ruhusa ya kuupeleka katika hatari kwa siri. Tabibu uliyekwenda kwake kwa hiari yako mmefungana ahadi: yeye akupe nasaha kwa elimu yake, na wewe umpe khabari za kweli. Ukimficha, umemfanya aandike kipimo kwa uongo wako, kisha kikidhuru watu watamlaumu yeye. Kwa hivyo kuficha ni kosa, na lina toba, na toba yake ni nyepesi: ni kusema. Ama kutumia miti yenyewe hatukumharamishia. Tulimwambia amwoneshe tabibu kwanza, na kama atakubali, ashike kiasi kimoja, asibadilishe. Wala asiache kidonge cha hospitali kwa ajili ya majani. Yaliyotokea Loliondo mwaka 2011 hatujayasahau, watu walipotoka hata Nairobi kwenda Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wako waliorudi wakaziacha dawa zao wakiamini wamekwisha kupona.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kosa lake laweza kuandikwa pia juu ya mchuuzi na juu ya yule daktari aliyemcheka. Tukamwambia kuwa hesabu ya kila mmoja ni kwa Mola wake, na yake aianze yeye.

Mwezi uliofuata alishuka mjini na kopo lake, amelifunga kwa gazeti. Aliporudi darsani alitusimulia kuwa tabibu alilifungua, akanusa, akauliza majani yale matatu ni ya miti gani, na mzee hakujua, wala mchuuzi alipoulizwa kwa simu hakujua zaidi ya moja. Tabibu akachukua kalamu, akasema habbasoda huandikwaje, na mzee akamtajia herufi moja moja, naye akaitia katika faili.

Kopo likabaki pale mezani. Mzee hakulitaka tena.